Herufi Mia na Sitini

Jumamosi, 8 Desemba 2007

Imekubali! Nimebonyeza TUMA kwenye kompyuta na simu ya binti yangu Ummulbanin ikalia chumbani kwake. Katoka amefura. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini namtumia meseji na mimi niko hatua tano kutoka mlangoni pake. Nikamwambia si mimi, ni kompyuta. Akaangalia Nokia yangu kuukuu imelala mezani, waya mmoja umeingia kwenye simu, wa pili kwenye kompyuta, kama mgonjwa wa dripu. Akacheka. Miaka kumi na tisa, chuo kikuu, na mara ya mwisho kunicheka kwa heshima sikumbuki.

Miezi mitano nimekaa na kitu hiki. Yule mwalimu wa masomo ya jioni ya kompyuta, siku ya kwanza aliniuliza kama natafuta darasa la kufuma. Majira mawili ya baridi nimekaa kiti cha mbele. Kufuma!

Sababu yenyewe ni vidole gumba. Baridi yabisi. Kuandika meseji kwa vile vitufe vya simu, kubonyeza mara tatu upate herufi moja — nalia machozi. Lakini nipe kibodi na vidole kumi! Nilipiga teleksi miaka kumi na mmoja kwenye kampuni ya mkonge, Tanga. Meneja alikuwa anakuja kuniangalia tu, kama mtu anayeangalia cherehani.

Programu nimeiita Mmbea. Unampa neno moja, anawafikishia watu mia.

Naandika humu kwa Kiswahili kwa ajili ya usalama. Ummulbanin anakielewa kikisemwa, kikiandikwa, hoi. Dawood, mume wangu, anakisoma vizuri, ila hasomi kitu kisicho na matokeo ya kriketi.


Jumapili, 16 Desemba

Theluji ya kumwaga. Kutoka dirishani huku ghorofani, mtaa wetu wote wa Crescent Town umefutwa. Daraja la kwendea stesheni halionekani.

Leo ilikuwa mkutano wa Umoja wa Watanga Toronto, saa nane mchana. Mwenyekiti, Mzee Rahemtulla, kapiga simu asubuhi, sauti ya mtu anayezama: tuanze ule utaratibu wa kupigiana. Utaratibu wenyewe ni kwamba kila mtu anawapigia watano. Tawi langu linaanzia kwa Zebunissa wa ghorofa ya tisa, na Zebunissa hawezi kumaliza simu moja chini ya saa nzima. Mwaka jana habari ya mkutano kuahirishwa ilimfikia mtu wa mwisho siku mbili baada ya mkutano.

Nikasema, Mzee, niachie mimi.

"Mkutano wa leo umeahirishwa. Theluji. Msitoke. Umoja wa Watanga."

Wanachama tisini na watatu. Dakika kumi na nne. Hakuna hata mmoja aliyetoka! Zebunissa kanipigia amekasirika. Anasema si vizuri mtu kupata habari halafu asiwe na wa kumwambia.

Jioni Mzee Rahemtulla kapiga tena. Kapokea Dawood, mimi niko na mikono ya unga. Nikasikia: "Ah, ni kitu kidogo tu, Mwenyekiti. Tumetengeneza hapa hapa nyumbani."

Tumetengeneza. Tu!


Ijumaa, 21 Desemba

Idd imepita salama. Watu wamekuja kula. Nimemsikia Dawood sebuleni na sahani ya pilau, anawaeleza wanaume: "Kwanza nikafikiria, simu na kompyuta zitaongeaje?"

Siku tano. Imetoka "tu" ikaingia "ni". Hata kitambi hakivimbi haraka hivyo.

Nimemtolea macho. Kanikonyeza! Anadhani ni mchezo wetu sisi wawili.


Jumapili, 30 Desemba

Niandike kabla sijapoa.

Mkutano ulioahirishwa umefanyika leo. Ukumbi ule ule wa kukodi, chini ya duka la magodoro, barabara ya Victoria Park. Baada ya ajenda Mzee Rahemtulla kasimama, kasema kuna ndugu yetu ametuletea maendeleo. Kamwita Dawood mbele. Cheti! Kwenye fremu, na utepe! "Kwa Ndugu Dawood, Mbunifu wa Mfumo wa Mawasiliano wa Umoja." Hata jina la Mmbea wameling'oa.

Nikasema moyoni, sasa atasema. Amepewa nafasi, watu themanini wanamtazama, mimi niko safu ya tatu. Atasema, jamani, ni mke wangu.

Dawood ni meneja wa ghala la vigae huko Rexdale. Mtu mwema. Anavuka mji mzima kwa treni na basi kila siku bila kulalamika. Nyumbani printa ikikwama anaita jina langu kabla hajaiangalia.

Kashukuru kamati. Kasema usiku na mchana alikuwa anafikiria wazee wetu na baridi hii. Watu wanapiga makofi. Halafu Zaheer, kijana mhandisi wa Mississauga, kanyosha mkono kwa adabu: "Mzee Dawood, umeiandika kwa lugha gani?"

Alimaanisha lugha ya kompyuta. Dawood hakusita hata kidogo.

"Kiswahili, bila shaka!"

Ukumbi mzima ukalipuka. Makofi, vigelegele, Mzee Rahemtulla anafuta macho. Lugha yetu! Mpaka ndani ya kompyuta! Zaheer kakaa chini. Mimi nilicheka mpaka Zebunissa akanipa leso. Alidhani nalia kwa fahari.

Tukapanda treni. Ummulbanin kasema kwa sauti, kwa Kiingereza, kwamba huo ni wizi. Baba yake kamjibu mambo ya mume na mke ni kitu kimoja. Naye kamuuliza, basi mbona jina kwenye cheti ni moja?

Mwanangu!


Jumanne, 1 Januari 2008

Dawood kapigilia msumari. Cheti kiko ukutani juu ya televisheni. Nimemwambia kimepinda. Hakijapinda.


Jumatano, 16 Januari

Mzee Rahemtulla ana malalamiko. Meseji hazina adabu. "Zinatuamrisha kama watoto, Msitoke! Njooni saa kumi!" Hazina salamu, hazitaji uongozi. Kamweleza Dawood, maana yeye ndiye mbunifu, na mbunifu kakubali papo hapo.

Nikamwambia Dawood: tulipokuwa tunapiga simu za maandishi posta, kila neno kwa bei yake, mtu alikuwa anafikiri kabla ya kuandika "mpendwa". Unasema aliyekufa nani, anazikwa lini, basi. Salamu watapeana wakikutana.

"Wewe Nazira una roho ya teleksi," kaniambia.

Sikukasirika. Nimelipenda, kusema kweli.

Kaniomba nimwekee kitufe chake ili aweze kutuma mwenyewe nikiwa kazini. Nimemwekea. Kikubwa, cha kijani, kimeandikwa DAWOOD.


Jumatano, 6 Februari

Niandike kwa mpangilio.

Theluji imeanza tangu jana. Leo saa kumi ilikuwa hitima ya marehemu Alimohamed, ukumbini. Mimi nilikwenda kazini Eglinton, naingiza data za kliniki, na kompyuta za wagonjwa hazijui theluji. Dawood alibaki nyumbani, mabasi ya Rexdale yamekwama. Saa saba kamati ikaamua hitima iahirishwe. Mzee Rahemtulla kampigia mbunifu. Mbunifu kakaa mbele ya kompyuta, kidole kimoja, kaandika kwa nusu saa. Halafu kitufe cha kijani.

Watu walichopata ni hiki. Nimekinakili kutoka kwenye simu yangu:

"Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyekiti Mzee Rahemtulla na Kamati nzima ya Umoja wa Watanga Toronto wanawatangazia: hitima ya Alimohamed leo ime"

Ime! Basi. Hapo meseji imekwisha.

Wengi walibahatisha, wakapigiana, wakabaki nyumbani. Wengine walisoma wakaona imewadia, imeiva, imeanza. Kumi na wawili walitoka. Kumi na mmoja walikuta mlango umefungwa wakarudi wanatukana. Wa kumi na mbili ni Mariambai. Ana miaka themanini na moja, anaishi mtaa wa pili kutoka ukumbini, amekwenda kwa miguu na mkongojo. Kakuta kufuli, kakaa akingoja wenzake, maana hitima haianzi bila watu. Dakika arobaini! Akageuka kurudi, akateleza kwenye ngazi. Dereva wa basi alimwona, kasimamisha basi na abiria wake, kashuka akambeba.

Kavunjika mkono wa kulia, kwenye kifundo. Amelazwa.

Sasa lile linalonihusu mimi. Ile programu inakata ujumbe kwenye herufi ya mia na sitini, maana meseji moja haibebi zaidi. Mstari huo niliuandika mimi, Oktoba, nimeuona leo tena kwa macho yangu. Kata baada ya 160. Haitoi onyo, haiulizi, haipigi hata kelele. Inakata na kutuma. Sikuweka onyo kwa sababu mimi sijawahi kufika mia. Haikunijia akilini kwamba kuna watu duniani wanaoanza kusema kitu kabla hawajakisema.

Dawood kakaa sebuleni taa haijawashwa. Nimemwekea chai. Hakuinywa, wala mimi sikumwambia ainywe.


Alhamisi, 7 Februari

Nimekwenda hospitali na halua. Sikuingia. Mlangoni kulikuwa na wakwe zake wote wanamzungumzia "huyo Dawood na mashine yake". Nimeiacha halua kwa nesi.

Mwoga mkubwa mimi.


Jumapili, 10 Februari

Kikao cha dharura cha kamati. Mimi si mwanakamati, nilikuwa jikoni ya ukumbi na Zebunissa, tunapanga vikombe. Ukuta wa mbao nyembamba. Zebunissa alizima birika ili tusikie vizuri.

Mzee Rahemtulla kauliza nani anawajibika. Halafu sauti ya mume wangu:

"Kwa kweli, Mwenyekiti, na niseme ukweli mbele ya Mungu — aliyeitengeneza ile programu ni mke wangu. Yote. Mimi sijui hata inavyofanya kazi."

Zebunissa kashika kifua. Mimi nilikuwa na vikombe sita mkononi, na nashukuru vilikuwa vya plastiki.

Ndoa ya miaka ishirini na sita! Hatimaye kausema ukweli, na kausema kama mtu anayemtupa paka nje kwa ukosi. Cheti, chake. Mkono wa Mariambai, wangu.

"Kumbe!" kasema Mzee Rahemtulla. Kumbe tu. Wiki sita zilizopita ingekuwa vigelegele.

Wameamua: programu imesimamishwa, turudi kupigiana simu. Na Bi Nazira atoe maelezo kwa maandishi.

Treni nzima sikumwangalia. Tulipofika, viatu bado miguuni, nikamwambia, Dawood, siku zote hizi. Leo ndiyo umeona useme?

Kanijibu, na naapa hakuwa anafanya mzaha: "Ulitaka niseme. Nimesema."


Jumatatu, 11 Februari

Maelezo kwa maandishi, nimeyapeleka leo kwa mkono:

"Kosa langu: sikuweka onyo. Kosa la kamati: salamu. Pole zangu zote ni kwa Mariambai. Nazira."

Herufi tisini na kitu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuongeza tusi.


Ijumaa, 15 Februari

Hatusemeshani. Ummulbanin anapeleka ujumbe baina yetu — yeye sasa ndiye Mmbea. Baba anauliza chumvi iko wapi. Mwambie baba yako iko pale pale. Anatafsiri kwa Kiingereza halafu anacheka peke yake.

Leo nimerudi nikakuta cheti hakiko ukutani. Sikuuliza. Nimekitafuta kwenye pipa la taka, hakimo. Nimekikuta nyuma ya kabati la nguo, kimefungwa kwenye kanga yangu. Sijui kwa nini kimenihuzunisha. Ningependelea angekitupa, au angekiacha.


Jumatatu, 18 Februari

Mkoa umetupa sikukuu mpya, Siku ya Familia. Familia yangu: mmoja amelala, mmoja anajifanya amelala. Nimekwenda kwa Mariambai, nyumbani kwake. Safari hii nimeingia.

Amekaa kitandani, plasta mpaka kwenye kiwiko, amepakwa wanja. Kanitazama. "Halua ile uliyoacha kwa nesi ilikuwa ngumu," kasema. "Keti."

Nikamwambia yote. Mstari ule, mia na sitini, onyo ambalo sikuliweka. Nilikuwa nimejiandaa kulia na nikalia. Yeye hakulia.

"Mimi nilikuwa mwalimu, mwanangu," kasema. "Niliisoma ile meseji mara tatu. Salamu zilikuwa nzuri sana. Mwenyekiti alikuwemo, kamati ilikuwemo. Nikasema, watu waliojitaja wote hivi lazima wapo kule wananingoja." Kausogeza mto chini ya plasta. "Ile ya kwanza, ya Desemba, ulisema msitoke. Sikutoka."

Halafu katoa shutuma yake mwenyewe: tangu programu isimamishwe, Zebunissa amempigia mara nne. Jana amekaa na simu begani saa moja na nusu, mkono mmoja tu una kazi, hakuweza hata kuikata. "Irudishe mashine yako," kaniambia. "Nitavunjika na mwingine."

Mlangoni kaniita tena. Kauliza kama ni kweli imeandikwa kwa Kiswahili. Nikamwambia si kweli. "Nilijua," kasema. "Kingekuwa Kiswahili ingeuliza hali kwanza."


Jumamosi, 23 Februari

Nimeitengeneza. Ukifika herufi mia na arobaini kisanduku kinakuwa cha njano. Mia na sitini, chekundu. Mia na sitini na moja, TUMA inafungika kabisa, na inatokea sentensi: "Futa salamu." Ummulbanin ameijaribu asubuhi nzima, ameshindwa kuidanganya. Kaniomba nimfundishe. Tumeanza na mstari ule mbovu. Nimemwachia aufute mwenyewe.

Kitufe cha DAWOOD kipo. Nilikishika kwa kipanya nikakiacha. Siku nyingine.

Nimewapigia kamati kuwaambia iko tayari. Mzee Rahemtulla kasema watalijadili. Nikasema, Mzee, Mariambai anaitaka. Kasema watalijadili haraka.


Jumanne, 4 Machi

Barua ya kamati. Wanakubali irudi, kwa masharti: programu ikabidhiwe kwa Umoja, na mwendeshaji awe mwanakamati. Mwanakamati ni Dawood. Mimi nitakuwa "msaidizi wa kiufundi". Chini kabisa, kwa kalamu, Mzee kaongeza: salamu zirudishwe, kwa ufupi.

Nimeichomoa Nokia na waya nikazitia kwenye droo ya jikoni, na uma na visu. Nimewajibu kwa simu: irudi kama ilivyo, naendesha mimi, au ibaki droo. Mzee kasema, "Bi Nazira, huu ni Umoja, si wa mtu mmoja." Nikamwambia ndiyo, hata cheti kilisema hivyo.

Dawood alikuwa amesimama pale, kasikia yote. Akaenda kuoga.


Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi na moja jioni. Redio inasema theluji kubwa, leo mpaka kesho usiku, watu wasitoke bila sababu. Imeshaanza, inakuja kwa ubavu.

Kesho saa tano asubuhi ni hitima ya Alimohamed — ile ile, imengoja mwezi mzima. Na Mariambai amesema hadharani kwamba safari hii atakwenda hata kwa kubebwa.

Simu ya nyumbani imelia sasa hivi. Dawood kapokea sebuleni. Mimi niko jikoni, daftari hili juu ya ubao wa kukatia vitunguu. Ni Mzee Rahemtulla. Sauti yake inavuka ukuta: wameahirisha, watu tisini na watatu, wapigiane saa ngapi, Zebunissa hapatikani, simu yake inatumika.

Nimengoja nisikie "tu" au "ni".

Dawood kasema: "Subiri, Mwenyekiti. Mwenyewe yuko jikoni."

Mwenyewe.

Sasa Mzee anataja masharti ya barua. Dawood anamkatiza. Dawood, anamkatiza Mwenyekiti! "Hapana, Mzee, hayo mwambie yeye. Mimi si mwendeshaji, mimi najua vigae." Mzee anaanza kumsomea ujumbe, nasikia warahmatullahi inakuja tokea mbali. "Haiingii, Mwenyekiti. Mia na sitini tu. Ukizidisha inafunga, inakuwa nyekundu." Anamfundisha kama vile ameisomea chuo! Amejuaje kuhusu nyekundu? Ummulbanin, lazima.

Nimefungua droo. Nokia ina chaji nusu. Inatosha watu tisini na watatu, au watu themanini, sijui.

"Nazira," anaita. Halafu taratibu zaidi, mlangoni, mkono umeziba simu: "Nazira, anauliza unasemaje. Nimwambie nini?"

Hajaingia. Amesimama pale pale kwenye kizingiti na soksi zake, ananitazama naandika. Hajawahi kuniuliza naandika nini na hata sasa hajauliza.

Nimempa waya aushike. Nimemwambia amwambie Mzee nakuja.

Sijainuka bado.